Usukani unacheza? Namna ya kumsaka mchawi kwenye pikipiki ya safari ndefu

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nikishuka kutoka 80, nikiachia ekseleta, usukani unatikisika; ninunue beringi?" "Nimeweka tairi jipya, sasa pikipiki inatetemeka, fundi anasema ni injini." "Nikipakia mizigo kwenda Kabale inayumba, nikirudi mtupu imetulia." Mwongozo huu ni wa hao wote: wenye pikipiki kubwa za safari, zenye maboksi na kioo cha mbele, iwe GS, V-Strom, Africa Twin au Gold Wing ya mtumba. Mwenye Boxer, pikipiki ndogo ya bodaboda, atafaidika na sehemu kubwa pia, ila vipimo vya upepo na uzito vilivyomo humu si vyake.

Kabla ya chochote: usinunue kipuri hata kimoja mpaka uweze kusema inatetemeka lini. Kwa kasi gani, ukifanya nini, ukiwa na mzigo gani. Wapo waliobadilisha beringi za shingo (pale usukani unapoingia kwenye fremu), diski na shokapu ya nyuma, kumbe ugonjwa ulikuwa tairi la mbele lililolika mawimbi. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitatu kwa pamoja na mtetemo ukaisha, hujajua kitu. Ukizidi, ndiyo kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

- Geji yako mwenyewe ya upepo. Za vituo vya mafuta hudondoshwa chini mara kumi kwa siku. Mbili za mtaa mmoja zikitofautiana kwa PSI 4 usishangae.
- Stendi ya katikati, au jeki ndogo ya gari na kipande cha mbao cha kuweka juu yake.
- Spana za kawaida, na alenki kubwa ya ekseli ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi za safari ekseli hiyo ina tundu la pembe sita ambalo fundi wa kando ya barabara hana kifaa chake. Pima tundu, nunua ya kwako, tembea nayo.
- Toki renchi, ile spana inayopima mkazo.
- Spana ya ndoano ya nati za shingo.
- Kamba za plastiki za kufungia nyaya, chaki, na uzi imara wa mita 6 au 7.
- Grisi inayohimili maji.
- Kitabu cha ufundi cha modeli yako. Namba zilizomo humu ni za kawaida kwa pikipiki nyingi. Kitabu chako kikisema tofauti, kifuate kitabu.
- Daftari, na mtu mmoja wa kukushikia.

Kwanza ujue unahisi nini

Watu huita kila kitu "kutetemeka", na hapo ndipo fundi anapopotezwa.

*Usukani kutikisika*: mpini unakwenda kushoto-kulia haraka, kama mara 6 hadi 10 kwa sekunde, huku mwili wa pikipiki ukiwa umetulia. Mara nyingi ni kati ya kilomita 80 na 50 kwa saa, unapopunguza kasi bila kushika breki. Washukiwa ni tairi la mbele, balansi, shingo na boksi la nyuma.

*Kuyumba*: pikipiki nzima inapepesuka polepole kama samaki anayeogelea, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, kwenye kasi kubwa na mzigo. Hapo anzia nyuma.

*Mtetemo wa ganzi*: mdogo na wa haraka, unaowasha viganja na kulaza vidole. Huo unafuata mizunguko ya injini.

*Mapigo*: yanakuja ukishika breki tu, yanakoma ukiiachia. Diski, au shingo iliyolegea.

Hatua ya 1. Jaribu barabarani ukiwa na daftari

Tafuta lami iliyonyooka, kavu, isiyo na watu, asubuhi mapema. Kwenye barabara ya Gulu, kipande cha kati ya Nakasongola na Migyera kinafaa, ila tazama ng'ombe. Lwera kwenye barabara ya Masaka imenyooka pia, lakini malori yanayokupita yanapiga upepo unaoyumbisha hata pikipiki isiyo na kasoro, kwa hiyo majibu yake usiyaamini. Vaa kofia, jaketi na glavu.

Fanya majaribio haya kwa mpangilio:

a) Panda hadi 90 ukiwa gia ya 4 au ya 5, kisha achia ekseleta taratibu bila breki. Fungua vidole, viganja vibaki vimeugusa mpini kwa wepesi. Inatosha: usukani wenye tatizo utausikia. Usiondoe mikono. Zile video za watu wanaoachia mpini na kupungia kamera zilipigwa kwenye barabara zisizo na mbuzi.

b) Kwenye kasi ile ile inayotetemeka, bana klachi na uache injini ishuke hadi sailensa, ule mwendo wa injini ya pikipiki iliyosimama bila kuguswa ekseleta. Mtetemo ukikoma, ni injini. Nenda hatua ya 10. Ukiendelea na kupungua tu kadiri pikipiki inavyopoteza kasi, ni magurudumu, shingo au foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele).

c) Rudia kasi hiyo kwa gia nyingine. Mtetemo ukihama na gia, ni injini tena.

d) Kutoka 80, shika breki ya mbele peke yake, kwa wepesi. Halafu ya nyuma peke yake.

e) Vua maboksi yote, rudia jaribio la kwanza.

Andika kila jibu papo hapo, maana ukifika nyumbani utakumbuka lile lililokutisha tu.

Tahadhari. Ikitokea usukani ukaanza kurukaruka kwa nguvu kwenye kasi, usikamate breki ya mbele ghafla na usiukabe mpini kwa mikono iliyokakamaa. Mikono migumu inaongeza mchezo. Bana tangi kwa magoti, inama mbele, punguza ekseleta polepole, iache kasi ishuke.

Hatua ya 2. Upepo na mzigo

Ni bure, na ndiyo maana watu huiruka.

Pima upepo tairi likiwa baridi, kabla pikipiki haijatembea. Pikipiki nyingi kubwa za safari zenye mzigo hutaka karibu PSI 36 mbele na 42 nyuma. Namba zako ziko kwenye kibandiko karibu na mnyororo au chini ya kiti. Joto la hewa likibadilika kwa nyuzi 10, upepo hubadilika kwa karibu PSI moja na nusu hadi 2, hivyo tairi lililojazwa Kampala saa nane mchana litasoma pungufu alfajiri ya Kabale. Kosa lingine ni la wanaotoka Karamoja: walishusha hadi 25 kwa ajili ya moramu na mchanga, wakasahau kurudisha walipofika lami. Tairi laini la mbele linatikisa usukani hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Halafu boksi la nyuma. Limekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kila kilo ndani yake inainua gurudumu la mbele kidogo. Watengenezaji wengi huruhusu kilo 5 hadi 10 tu humo. Jerikani la maji la lita 10 ni kilo 10 tayari, na bado hujaweka zana. Vitu vizito viingie chini kwenye maboksi ya pembeni, karibu na mwili wa pikipiki, na tofauti ya kushoto na kulia isizidi kilo 2 au 3. Tikisa kila boksi kwa mkono: likicheza kwenye kishikio chake, linayumbisha pikipiki yote. Ukibeba abiria, kaza springi ya shokapu ya nyuma kama kitabu kinavyosema. Nyuma ikibonyea, mbele inakuwa nyepesi, na usukani mwepesi hucheza.

Kama jaribio la (e) lilikuwa shwari bila maboksi, usidhani umeshamaliza. Mzigo mara nyingi hufichua shingo iliyolegea au tairi bovu. Hauzai ugonjwa peke yake. Endelea.

Hatua ya 3. Tairi la mbele

Kwa malalamiko ya usukani kutikisika unapopunguza kasi, anza kumshuku huyu.

Inua gurudumu la mbele. Vua glavu. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kuelekea mbele, kisha urudi nyuma. Tairi lisilo na kasoro ni sawasawa kwenda na kurudi. Tairi lililolika mawimbi ni kama mgongo wa ngege: ukifuata magamba ni laini, ukirudi kinyume yanakukwaruza. Pitisha pia pembeni, siyo katikati tu, kwa sababu mawimbi huanzia kwenye mabega. Tairi la namna hiyo halitibiki. Kuongeza upepo kutaficha kwa wiki mbili, basi.

Angalia na haya:

- Tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Pikipiki nyingi za mtumba hufika na tairi lenye meno mazuri na mpira uliokauka kama soli ya zamani. Likiwa limepita miaka 6 au 7, libadilishe hata kama meno yapo.
- Mshale wa mwelekeo. Uelekee upande gurudumu linapozungukia. Limefungwa kinyume? Si jambo la nadra.
- Mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu. Uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza kwa kompresa mpaka usikie mlio wa kukaa. Pampu ya mguu haina nguvu hiyo, na ndicho chanzo cha "tairi jipya linatetemeka" mara nyingi.
- Dawa ya pancha ya majimaji. Humwagika ndani na kukusanyika sehemu moja pikipiki ikilala. Inakufikisha nyumbani, ila balansi haipo tena.

Tairi la meno makubwa ya matope litatetemesha mpini kwenye lami. Hilo ni umbile lake.

Hatua ya 4. Rimu na balansi

Funga kamba ya plastiki kwenye mguu wa foku, ikate hadi ncha yake ikaribie kugusa ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu polepole. Ncha ni kipimo chako: ikiachana na rimu na kuisogelea kwa zaidi ya milimita 2, pembeni au juu-chini, rimu imepinda. Mashimo ya barabarani na matuta yasiyo na rangi ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Rimu ya spoki: gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokazwa inalia ting. Iliyolegea inajibu tab. Kaza robo mzunguko kwa zamu, pima tena. Usikaze moja hadi mwisho. Rimu ya alumini iliyopinda usiipeleke ikapigwe nyundo au kuchomelewa. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kutengeneza karibu kila kitu cha chuma, lakini alumini ya gurudumu la mbele la pikipiki ya kilo 250 ikipasuka kwenye kasi 100, hakuna cha kutengeneza tena.

Balansi unaweza kuipima nyumbani. Toa gurudumu, pitisha ekseli, ilaze juu ya viti viwili vya urefu sawa ili gurudumu lining'inie. Lizungushe kidogo, lisubiri litulie. Likisimama mahali pale pale mara tatu, chini ndipo penye uzito. Tia chaki, kisha bandika vizito vya risasi upande wa juu, gramu 5 kwa wakati, mpaka lisimame popote. Beringi zikiwa na sili ngumu jaribio hili linadanganya. Weka gurudumu juu ya fito mbili laini ukiweza. Ukihitaji zaidi ya gramu 60, geuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu kisha anza upya. Alama ya rangi iliyo kwenye tairi jipya ikae kwenye vali.

Hatua ya 5. Shingo

Hapa usiwe na haraka. Beringi za shingo ndizo zinazobeba kila shimo ulilowahi kuliangukia, na ndizo zinazopimwa vibaya kuliko kitu chochote.

Gurudumu la mbele liwe juu kabisa. Jeki ikae chini ya injini kwa kupitia mbao, si chini ya filta ya oili wala bomba la moshi.

Kupwaya: msaidizi ashike miguu ya foku chini kabisa, karibu na ekseli, avute na kusukuma mbele-nyuma. Wewe weka ncha ya kidole kwenye ule mwanya kati ya bano la chini la foku na shingo ya fremu, kidole kiguse vyote viwili. Shingo ikiwa imelegea, utausikia mgongano mdogo, tik, chini ya kidole. Sasa hamisha kidole hadi pale bomba la foku linapoingia kwenye bomba lingine. Ukiusikia hapo na si juu, ni bushi za foku. Bila kidole hiki, watu hukaza shingo isiyo na kosa.

Kikwazo: shika ncha za mpini kwa vidole viwili viwili, zungusha polepole sana kupita katikati. Ukihisi usukani unadumbukia mahali pake mbele moja kwa moja, kama droo inayojifunga, beringi zimechimba vikombe vyake, zile pete za chuma zinamozungukia. Kukaza hakusaidii, ni kubadilisha.

Kuanguka: weka usukani katikati, ugonge kidogo upande mmoja. Uanguke wenyewe hadi mwisho, kwa ulaini ule ule kushoto na kulia. Ukisimama njiani, shingo imekazwa mno, au nyaya zinauvuta. Ondoa kwanza kifaa cha kuzuia mtikisiko kama kimefungwa.

Kukaza shingo iliyopwaya:

1. Legeza boliti za bano la juu zinazobana miguu ya foku, kisha nati kubwa ya juu. Wengi huruka boliti hizo, na bano haliwezi kushuka.
2. Kwa spana ya ndoano, kaza nati ya kurekebisha kwa sehemu ya nane ya mzunguko tu.
3. Kaza nati ya juu kwa mkazo wa kitabu, halafu boliti za bano.
4. Pima tena kupwaya na kuanguka. Nati ya juu huongeza mbano, kwa hiyo kipimo cha kabla yake si kipimo.

Usitumie nyundo na patasi kwenye nati hii. Ukiona nati yenye makovu ya patasi kwenye pikipiki unayotaka kununua, ujue fundi alikaza kwa kubahatisha. Na shingo iliyokazwa mno ni mbaya kama iliyolegea: pikipiki haitaki kunyooka kwenye mwendo mdogo, inatangatanga kama mlevi anayetoka kilabuni, nawe unaisahihisha kila wakati.

Ukibadilisha, badilisha beringi na vikombe vyote viwili, juu na chini. Kikombe kipya kiingizwe sawasawa kwa kutumia cha zamani kama kigongeo. Mlio ukibadilika kutoka mzito kuwa mkavu, kimefika. Jaza grisi hadi ndani ya beringi, usipake juu juu. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 pima tena, maana vikombe vipya hukaa na kuacha nafasi kidogo.

Hatua ya 6. Beringi za gurudumu

Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia. Mchezo wowote ni beringi. Ukilitoa gurudumu, ingiza kidole ndani ya beringi na uzungushe: izunguke kama imelowa asali, bila chembe ya mchanga.

Namba imeandikwa ubavuni mwa beringi, na ndiyo unayokwenda nayo kwenye soko la vipuri la Kisekka, siyo jina la pikipiki. Kwa mfano 6204 2RS ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47, unene 14, na 2RS maana yake ina sili za mpira pande zote mbili. Usikubali isiyo na sili. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, unajua unachonunua.

Kati ya beringi mbili kuna kibomba cha chuma. Fundi akikisahau au akikiweka kilichofupishwa, ukikaza ekseli beringi zinabanwa ubavuni na kufa baada ya safari moja. Mwangalie akikirudisha.

Na washing bay: mwambie kijana asipige presha kwenye kitovu cha gurudumu wala shingoni. Maji yakivuka sili hayatoki. Yanageuza grisi kuwa uji.

Hatua ya 7. Foku

Futa mabomba, kaa juu, bonyeza mbele mara kadhaa. Pete ya oili kwenye mguu mmoja ni sili iliyokufa, na mguu huo sasa una oili pungufu kuliko mwenzake. Badilisha oili ya miguu yote miwili, kwa kimo sawa na oili ya unene ule ule.

Ukirudisha gurudumu, mpangilio ni huu: kaza ekseli kwanza, shusha pikipiki, bonyeza foku mara tano sita, ndipo ukaze boliti ndogo zinazobana ekseli chini ya foku. Ukizikaza mwanzo, miguu inabanwa ikiwa imepinda na foku haitelezi. Pikipiki iliyoanguka na mpini ukabaki umekaa upande hali gurudumu linatazama mbele, mara nyingi foku imejisokota tu ndani ya mabano: legeza mabano na ekseli, nyoosha, bonyeza, kaza tena kuanzia chini.

Hatua ya 8. Mapigo kwenye breki

Ikiwa hatua ya 5 imepita salama, pima diski kwa geji ya saa, ile yenye sindano inayoonyesha kupinda, iliyoshikwa kwenye foku. Kikomo cha pikipiki nyingi ni milimita 0.3 ya kupinda. Kabla ya kuinunua mpya, angalia kama kuna kutu au rangi kati ya diski na kitovu. Angalia pia madoa ya pedi: ukishuka Kanaba kuelekea Kisoro ukiwa umebana breki njia nzima, kisha ukasimama chini ukiendelea kuibana, pedi ya moto huacha alama yake kwenye diski. Sugua kwa msasa laini pande zote, badilisha au sugua pedi. Diski za kuelea huchezacheza kidogo kwenye pini zake; usizichomelee.

Hatua ya 9. Nyuma

Kwa anayeyumba kwenye kasi, hii ndiyo hatua yake. Inua nyuma, shika gurudumu, vuta kulia na kushoto huku msaidizi ameshika fremu. Mchezo ukiwa mbele, mahali mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) unapoungana na fremu, ni beringi za mkono huo. Ukiwa kwenye kitovu, ni za gurudumu. Angalia na shokapu: bonyeza kiti, kikirudi na kuendelea kudunda zaidi ya mara moja, shokapu haishiki.

Mnyororo: zungusha gurudumu ukipima ulegevu kila baada ya robo mzunguko. Kawaida ni milimita 30 hadi 40. Ukikaza sehemu moja na kulegea nyingine, umeisha, na mvutano huo unausikia mpaka mikononi. Usiamini mistari ya kurekebishia pande mbili za mkono wa nyuma. Pima kwa uzi kutoka katikati ya boliti ya mkono hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, pawe sawa.

Hatua ya 10. Ganzi ya viganja

Angalia vizito vya ncha za mpini. Huvunjika pikipiki ikianguka, na wengi huweka vifuniko vya plastiki vya urembo badala yake. Kisha boliti za kushikia injini, boliti za mpini, na kishikio cha bomba la moshi. Injini ya silinda mbili au nne inayotetemeka kwenye sailensa huenda inataka kabureta au vali za hewa zilinganishwe. Hiyo ni kazi ya geji za kupima mvuto wa hewa, mpelekee mwenye nazo.

Bado inakusumbua?

*Ilianza siku ile ile tairi lilipobadilishwa.* Tairi halijakaa, balansi haikufanywa, boliti za ekseli zimekazwa vibaya, au spesa za pembeni zimebadilishana pande. Tafuta humo humo.

*Inatikisika kwa 60 mikono ikiwa wazi, ukishika mpini inakoma.* Bado ni ugonjwa. Tairi, kisha shingo.

*Imetulia mchana, inayumba jioni.* Tenki limeisha mafuta mbele na boksi la nyuma limejaa ulichonunua njiani. Panga mzigo upya.

*Ilianza ulipofunga kioo kirefu cha mbele.* Kivue, jaribu kasi ile ile. Kioo kilichofungwa kwenye usukani hugeuza upepo wa malori kuwa mkono wa mtu mwingine kwenye mpini wako.

*Fundi anataka kufunga kifaa cha kuzuia mtikisiko.* Mkatalie mpaka hatua ya 3, 5 na 6 ziwe safi. Kinafunika dalili, beringi inaendelea kuliwa chini yake.

*Kila kitu ni kipya na bado.* Funga uzi ukizunguka nyuma ya tairi la nyuma, uvute mbele pande zote mbili, uone kama magurudumu yako kwenye mstari mmoja. Kumbuka tairi la mbele ni jembamba, hivyo mianya ya pande mbili iwe sawa. Kisha mulika tochi pale fremu inapoungana na shingo. Rangi iliyopasuka, mkunjo mdogo, au vizuizi vya usukani vilivyobonyea ni fremu iliyowahi kugonga kitu kwa mbele. Hiyo isiendeshwe hata hadi gereji, tafuta pikapu.